Kasoro Isiyo na Toleo Haina Mwenyewe

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa sana, lakini ni nadra kukumbuka kuwa kabla ya ufa kuzibwa hapana budi ujulikane ni ufa wa ukuta upi, katika nyumba ipi, na ni fundi gani atakayeuziba na lini. Anayetembea kijijini akitangaza kuwa “kuna nyufa” huwa amesema kweli, ila hajamsaidia mtu. Makala haya yanahusu nyufa za namna hiyo: kasoro za programu za tarakilishi na za simu, hususan zile zinazoigusa lugha yetu, pamoja na desturi ya wahandisi ya kuifungamanisha kila kasoro na toleo maalumu la programu. Msimamo wa makala ni kwamba desturi hiyo, ingawa kwa sura ni ya kiufundi, kwa kiini chake ni suala la haki. Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tusipojifunza kuitumia, malalamiko yetu kuhusu Kiswahili cha mashine yataendelea kuwa kelele za mlango, ambazo hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.

Ni desturi yetu katika makongamano kusema kuwa Kiswahili cha simu ni kibovu. Kauli hiyo hupigiwa makofi, kisha wajumbe huenda kunywa chai. Lakini ni simu ipi? Ni programu ipi katika simu hiyo? Ni toleo la ngapi, na ni neno gani katika ukurasa gani? Mhandisi anayetaka kurekebisha hana pa kuanzia, na asiyetaka kurekebisha amepewa kisingizio bora kuliko vyote: kwamba hajaelezwa kasoro ni ipi.

Istilahi kwanza

Wazungumzaji wa Kiingereza huiita kasoro ya programu “mdudu”. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha tarehe 9 Septemba 1947, pale mafundi wa mashine ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walipomkuta nondo amenaswa ndani ya mashine. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari lao la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani. Jina lenyewe ni la zamani zaidi, kwani mvumbuzi Thomas Edison alikuwa amekwisha kulitumia katika barua ya mwaka 1878. Jambo la kuzingatia katika kisa hiki, kwa hiyo, si nondo bali ni daftari. Mafundi wale waliandika saa na dakika, wakataja kuwa nondo alikuwa katika relei namba 70, paneli F, kisha wakaambatisha ushahidi wenyewe. Hawakuandika tu kwamba mashine ni mbovu.

Je, nasi tuseme “mdudu”? Maoni yangu ni kwamba neno hilo halitufai sana, kwa kuwa mdudu huingia kutoka nje bila kualikwa, ilhali kasoro ya programu imetiwa na mkono wa mtengenezaji mwenyewe. Lugha yetu ina maneno mawili yanayoweza kugawana kazi vizuri. “Hitilafu” na iwe kile anachokiona mtumiaji: programu inazimika, tarehe inakosewa, jumla haiwi sawa. “Kasoro” na iwe kile kilicho ndani ya programu kinachosababisha hitilafu hiyo. Mtumiaji huripoti hitilafu. Mhandisi huitafuta kasoro. Hitilafu moja huweza kuzalishwa na kasoro tatu, na kasoro moja huweza kuzaa hitilafu kumi.

Ama kuhusu “toleo”, neno hili tunalifahamu kutokana na taaluma ya uchapishaji. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, toleo la pili likafuata mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Wachapishaji hutofautisha pia toleo na chapa: chapa mpya hurudia kitabu kilekile, pengine kwa kusahihisha herufi mbili tatu, ilhali toleo jipya hubadilisha yaliyomo. Wahandisi wa programu wana utengano unaokaribiana na huo. Nambari 1.4 ikigeuka kuwa 1.4.1, kwa kawaida yamefanywa masahihisho madogo. Ikigeuka kuwa 2.0, mtumiaji atarajie mambo mapya. Mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hunukuu kamusi bila kutaja toleo hukosolewa na mwalimu wake, na ni haki. Inashangaza kuwa mwanafunzi huyohuyo anapolalamikia programu hajali toleo.

Maswali matatu ya daftari la kasoro

Programu za kufuatilia kasoro ni madaftari makubwa yanayotunzwa katika tarakilishi. Kila kasoro hupewa nambari, maelezo, jina la mtu aliyekabidhiwa, na hali yake: ni mpya, inashughulikiwa, imerekebishwa au imekataliwa. Bugzilla, iliyotokana na mradi wa Mozilla mwaka 1998, ina nafasi ya kuandika toleo ambamo kasoro imeonekana na nafasi nyingine ya hatua inayolengwa kwa marekebisho. Jira, iliyotolewa na kampuni ya Atlassian ya Australia mwaka 2002, nayo hutenganisha matoleo yaliyoathirika na toleo la marekebisho. Mradi wa Debian ulianza mwaka 2005 kunakili katika daftari lake matoleo ambamo kasoro ilipatikana na yale ambamo iliondolewa. Launchpad, inayotumiwa na mradi wa Ubuntu, ambao jina lake ni ndugu wa neno letu “utu”, huruhusu kasoro moja ifungamanishwe na matoleo kadhaa kwa pamoja, maana programu ileile huwamo katika matoleo mengi yanayotumika kwa wakati mmoja.

Madaftari yote haya, kwa tofauti zake, huuliza maswali matatu. La kwanza: kasoro hii imo katika toleo lipi? La pili: itarekebishwa katika toleo lipi? La tatu: je, imethibitika kuwa imeondoka katika toleo hilo? Maswali haya yanaonekana mepesi, lakini kila moja limebeba uamuzi unaomgusa mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha akina mama wa Kabiro kina chama cha kuweka akiba, na kinatumia programu ya simu kuitisha mikutano. Ujumbe unawafikia wanachama ukisema kuwa mkutano ni “saa 2 mchana”. Mfasiri alichukua nambari ya saa ya Kizungu, akaiongezea neno “mchana”, akaona kazi imekwisha. Lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili saa mbili ni saa mbili baada ya kucha, na adhuhuri ikishapita tunahesabu saa saba, saa nane. Baadhi ya wanachama wanafika saa mbili asubuhi, wengine saa nane mchana, na kwa mujibu wa sheria za chama anayechelewa anatozwa faini. Mama aliyesoma Kiswahili kama Kiswahili ndiye anayeadhibiwa.

Malalamiko yanamfikia mtengenezaji, naye anauliza swali la kwanza. Anakuta kasoro imo katika toleo la 1.4 na la 1.3, lakini haimo katika la 1.2, kwa sababu Kiswahili kilianza kutumika katika toleo la 1.3. Sasa anajua ni wanachama gani wameathirika na ni wakati gani kosa liliingia. Swali la pili ndilo zito. Je, marekebisho yaingie katika toleo dogo la 1.4.1, litakalotoka baada ya juma moja, au yangoje toleo la 2.0, litakalotoka baada ya miezi sita likiwa na sura mpya na rangi mpya? Kwa mhandisi hilo laweza kuwa suala la kupanga kazi tu. Lakini tuseme toleo la 2.0 linahitaji simu yenye nafasi kubwa, na nusu ya akina mama hao wana simu za bei nafuu zisizoweza kulibeba. Hapo kasoro itakuwa imeandikwa “imerekebishwa” katika daftari ilhali kwa nusu ya wenyewe haitarekebishwa kamwe. Kumpangia mtu dawa katika chupa asiyoweza kuifungua ni sawa na kumnyima dawa.

Swali la tatu husahauliwa kuliko yote. Kasoro iliyoondolewa katika toleo la 1.4.1 huweza kurejea katika la 1.5, kwa sababu mtu mwingine ameanzia kwenye faili la zamani la tafsiri. Wahandisi huijua sana aina hii ya kasoro. Pasipo kumbukumbu ya toleo, kasoro inayorejea huchukuliwa kuwa mpya, na kazi iliyofanywa jana hufanywa tena kesho.

Kabiro, Kibera na uzito wa kasoro

Kabiro ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Dagoretti Kaskazini jijini Nairobi, pamoja na Kawangware, Gatina, Kileleshwa na Kilimani. Ng’ambo ya pili ya barabara ya Ngong iko Kibera. Yeyote anayedhani kuwa habari za kasoro na matoleo ni za watu wa ng’ambo, na azingatie historia ya eneo hili.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka nchini Kenya na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Mnamo Januari 2008 kikundi cha Wakenya na marafiki zao, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, kiliunda programu ya kukusanya taarifa za wananchi kuhusu ghasia hizo na kuzionyesha kwenye ramani. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Programu hiyo ilienea duniani, ikatumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na matoleo yake kadhaa yakaitwa kwa majina ya miji ya Afrika. Toleo la 2.0, la mwaka 2010, liliitwa Luanda. Mwaka huohuo kituo cha wabunifu cha iHub kilifunguliwa kando ya barabara ya Ngong. Mwaka uliotangulia, 2009, vijana wa Kibera walikuwa wameanza kuuchora mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap chini ya mradi wa Map Kibera, maana katika ramani nyingi za wakati ule makazi ya maelfu ya watu yalikuwa doa tupu. Vijana hao walianzisha pia ukumbi wa habari wa Voice of Kibera, uliotumia programu ya Ushahidi.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, kwamba lugha yetu imekwisha kuipa dunia jina la programu. Pili, kwamba taarifa isiyo na mahali wala wakati haikuwa na faida katika ramani ile. Anayeripoti kuwa “kuna fujo” hajasema kitu. Anayetaja mtaa, saa na jambo alilolishuhudia ametoa ushahidi. Ripoti ya kasoro hufuata kanuni hiyohiyo. Toleo ni mahali na wakati wa kasoro.

Kisa cha pili kina uchungu zaidi. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 matokeo ya awali yaliyoonyeshwa hadharani yalikuwa na idadi ya kura zilizokataliwa iliyozidi laki tatu. Baadaye Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilieleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo kwa nane, na hesabu ya mwisho ikawa 108,975. Jambo hilo halikuwa dogo. Rais alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura, mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, na swali la kama kura zilizokataliwa zihesabiwe au zisihesabiwe lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliamua kwamba zisihesabiwe katika kukokotoa asilimia hiyo. Mwananchi anayesikia kuwa kasoro imezidisha nambari kwa nane ana haki ya kuuliza maswali matatu ya daftari: kasoro iliingia katika toleo lipi, iliondolewa katika toleo lipi, na ni nani aliyethibitisha?

Miaka minne baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama hiyohiyo ilibatilisha uchaguzi wa urais. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Tume haikutii kikamilifu amri ya kufungua sava zake ili zikaguliwe. Uchaguzi wa marudio ulipofanyika mwezi wa Oktoba, Kawangware ilishuhudia mapigano na vifo. Sisemi kwamba programu ndiyo iliyowapiganisha watu. Chuki ina mizizi mirefu kuliko hiyo. Ninachosema ni kuwa pale ambapo kumbukumbu haziwezi kukaguliwa, uvumi hujaza pengo, na uvumi ukiingia katika vichochoro vya Kawangware na Kibera hauulizi toleo. Kumbukumbu iliyo wazi haiondoi uhasama, lakini humnyang’anya mchochezi silaha moja.

Maradhi ya “toleo lijalo”

Turejee katika lugha. Kila daftari la kasoro lina ngazi za uzito. Kasoro inayoizima programu au kupoteza data huwekwa juu, na aghalabu huzuia toleo lisitolewe mpaka irekebishwe. Kasoro za maandishi huwekwa chini kabisa, pamoja na rangi isiyopendeza na kitufe kilichosogea kidogo. Kutokana na mpangilio huo, kasoro za Kiswahili hupangiwa toleo lijalo. Toleo lijalo likifika, huhamishiwa kwa lile litakalofuata. Ndivyo mgeni anavyoambiwa njoo kesho hadi anachoka kubisha hodi.

Hatusemi kwamba kila kosa la tahajia lisimamishe kazi. Anayedai hivyo hajui kazi ya wahandisi, ambao mara nyingi ni wachache na wana tarehe za kutimiza. Mradi wa Debian ni mfano wa gharama ya subira: kwa kuwa hutoa toleo pale tu kasoro nzito zinapopungua kwa kiwango kinachokubalika, toleo lake la 3.1 lilitoka Juni 2005, takriban miaka mitatu baada ya lile la 3.0 la Julai 2002. Haraka haraka haina baraka, lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kupanga kasoro katika matoleo ni kuchagua kati ya methali hizi mbili kila wiki.

Tunachodai ni kigezo cha haki. Kasoro ya lugha ipimwe kwa jambo linalompata mtumiaji. Hoja kwamba ni “maandishi tu” haitoshi. “Tafadahli” badala ya “tafadhali” ni aibu, lakini haimdhuru mtu, na ingoje. “Saa 2 mchana” badala ya “saa 8 mchana” katika miadi ya kliniki humfanya mgonjwa akose daktari. Kitufe kilichoandikwa “Ondoa” huweza kueleweka kuwa ni kutoka katika ukurasa au kufuta akaunti nzima. Neno “tuma” likiwekwa mahali pa “omba” katika huduma ya pesa, fedha zimekwenda. Kasoro za aina hii zinabadili maana, na mabadiliko ya maana ni hitilafu sawa na hesabu kukosewa. Hazina budi kuzuia toleo, au angaa zipewe toleo dogo la haraka ambalo simu zote zinazotumika zinaweza kulipokea.

Wapo watakaopinga kwamba watumiaji wa Kabiro wanazungumza Sheng, na hata Kiswahili sanifu kikirekebishwa hakitawafaa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi tusiidharau. Mgala muue na haki umpe. Hata hivyo, inachanganya mambo mawili. Neno sanifu ambalo kijana wa Kawangware halifahamu ni suala la uteuzi wa rejista. Liandikwe katika daftari kama pendekezo, lijadiliwe, na lijaribiwe na watu wenyewe. Neno lililokosewa, ambalo halifahamiki Kabiro, Lamu wala Zanzibar, ni kasoro. Kuyaweka yote katika kapu moja ndiko kunakomwezesha mtengenezaji kusema kuwa Waswahili wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo na wangoje.

Kazi hii si ngeni kwetu

Baadhi yetu huogopa mambo haya kwa kudhani kuwa ni ya idara ya sayansi. Lakini mwanafasihi amekuwa akifungamanisha kasoro na matoleo kabla tarakilishi haijabuniwa. Anayehariri utenzi wa kale hukusanya miswada iliyonakiliwa kwa hati ya Kiarabu, huilinganisha ubeti kwa ubeti, na huandika: kosa hili limo katika mswada huu na ule, halimo katika ule wa tatu, kwa hiyo liliingia kwa mkono wa mnakili fulani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia kwa njia hiyo, na msomaji wa toleo la William Hichens la mwaka 1939 hana budi kujua kuwa anasoma toleo la mhariri mmoja kati ya wengi. Mhakiki wa matini huuliza maswali yaleyale ya Bugzilla: kosa limo wapi, liliingia lini, na nani amelisahihisha?

Fauka ya hayo, taaluma yetu imekwisha kuingia katika uwanja huu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Muda mfupi baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa programu zake za ofisi kwa lugha yetu. Kazi ya istilahi iliyofanywa wakati ule ilikuwa kubwa na ya kuheshimiwa. Lakini tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya riwaya, ambayo ikichapwa imekwisha. Programu hutoka toleo baada ya toleo, na kila toleo huleta maneno mapya ya kufasiriwa na kuyavunja ya zamani. Tafsiri isiyofuatiliwa huzeeka, vipande vya Kiingereza huanza kujitokeza kati ya Kiswahili, na mwishowe mtumiaji huirudisha simu yake katika Kiingereza kwa kuchoka. Lugha hushindwa hapo kimyakimya, bila mtu kuipinga.

Mapendekezo

Yafuatayo yanaweza kufanywa na vyama vyetu bila kungojea fedha za mfadhili.

Kwanza, kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kianzishe daftari lake la kasoro za lugha katika programu zinazotumiwa na wananchi. Kila ingizo liwe na jina la programu, nambari ya toleo, aina ya simu au tarakilishi, maneno kamili kama yalivyoonekana, maana anayoipata mtumiaji, na maneno yanayopendekezwa. Asiyejua toleo ataliona katika ukurasa wa maelezo kuhusu programu. Ni kazi ya nusu dakika.

Pili, yaliyokusanywa yapelekwe yanakosikilizwa. Miradi mingi ya programu huria ina madaftari ya kasoro yaliyo wazi kwa yeyote. Majina ya miezi, siku, nchi na fedha kwa Kiswahili, yanayoonekana katika simu nyingi, hutoka katika hifadhi ya CLDR ya shirika la Unicode, ambayo kwa kawaida hutoa matoleo mapya mara mbili kwa mwaka na kuwapa watu nafasi ya kupendekeza na kupigia kura data za lugha zao. Mahali petu pako wazi, na asiyehudhuria asilaumu uamuzi wa waliohudhuria.

Tatu, walimu wetu wa tafsiri na isimujamii waifanye kazi hii kuwa sehemu ya mazoezi ya darasani. Badala ya kumpa mwanafunzi aya ya gazeti aifasiri kisha isahaulike, apewe programu moja, aifuatilie kwa matoleo mawili mfululizo, na aandike ni kasoro gani zimeondoka, zipi zimebaki na zipi zimerejea. Atahitimu akijua tafsiri kama kazi inayoendelea.

Nne, tuende Kabiro, Kawangware na Kibera, tukae na watumiaji, tuwaulize wanaelewa nini wanaposoma kila kitufe. Fundi wa simu wa Kawangware anaona hitilafu nyingi kwa siku moja kuliko tunazoziona maktabani kwa muhula mzima. Huyo ni shahidi, na shahidi huheshimiwa kwa kuandikwa alilolisema. Tukirudi na jibu, tumpelekee: kasoro uliyotuonyesha imepangiwa toleo fulani. Na likitoka, turudi kwake tukahakikishe kwamba simu yake imelipokea.

Hitimisho

Imedaiwa katika makala haya kwamba kuipa kasoro toleo ni kuipa mahali, wakati na mtu wa kuijibia. Programu haipungukiwi heshima kwa kuwa na kasoro, maana hakuna kazi ya binadamu isiyo nazo. Hupungukiwa kwa kuzificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi wapenzi wa Kiswahili hatuna budi kuacha kulalamika kwa jumla na kuanza kushuhudia kwa undani. Siku mama wa Kabiro atakapoitwa mkutanoni saa nane mchana na simu ikamwambia saa nane mchana, hatajua kuwa kuna mwanafunzi wa Kiswahili aliyeandika mistari mitano katika daftari fulani, akataja toleo, na akafuatilia hadi mwisho. Hana haja ya kujua. Anachohitaji ni kufika kwa wakati.